Mpumbu wa Luapula: Samaki Aliyekuwa Akipanda Kuzaa

Wasomaji wapendwa watatusamehe tukianza na darasa, maana njo pale habari hii ilipoanzia kwetu. Katika shule zetu mwalimu wa historia hafundishi historia peke yake. Mwaka mmoja mwenzetu wa biolojia alihama, na sisi tukapewa masaa yake, pamoja na kitabu chake kilichochapwa Ulaya. Katika sura ya samaki, kitabu kile kilieleza juu ya lamprei. Ni mnyama wa majini, mwembamba sawa nyoka, hana mataya. Kinywa chake ni duara lenye meno, na anakitumia kwa kunyonya. Baridi ikiisha kule Ulaya, lamprei hupanda vijito vidogo vyenye maji safi na changarawe. Hunyonya jiwe moja, analivuta pembeni, anarudi kuchukua lingine, mpaka chini ya maji kunatokea shimo kama sahani. Humo jike na dume wanazaa, na kiisha kuzaa wanakufa. Ukisimama kimya juu ya daraja, kitabu kilisema, unaweza kuona kazi yote hiyo kwa macho.

Wanafunzi walipenda sana. Kijana mmoja akauliza: "Profesa, na hapa kwetu, samaki gani anapanda?" Tukamjibu kwa kuuliza darasa zima nani anajua mpumbu. Walikuwa zaidi ya 40. Mikono miwili tu ilinyanyuka. Mmoja alisema Mpumbu ni jina la babu yake. Mwingine, msichana wa upande wa Kashobwe, alisema bibi yake husema neno hilo anapoona mvua ya kwanza, lakini hakujua ni samaki.

Sisi tuliona haya, kwa sababu shule ile haikuwa mbali na Luapula, na kuna wakati mji wote wa Elisabethville ulikula mpumbu. Kwa hiyo tumeona vema kuandika katika kitabu hiki cha mila yale tuliyosoma na yale tuliyosikia kwa bazee, kabla wao pia hawajatuacha.

Kwanza, mpumbu ni nani? Wenye elimu wanamwita Labeo altivelis. Neno Labeo linatoka katika Kilatini na maana yake ni mwenye midomo minene, na kweli ukimtazama unaona mdomo umekaa chini ya kichwa, mnene, umetengenezwa kwa kulamba: anakula uchafu mwembamba wa chini na majani madogo yaliyoshika mawe. Si samaki mkali, hawindi wengine. Sehemu kubwa ya mwaka anaishi katika Ziwa Moero. Lakini mvua zikianza na maji ya Luapula yakaanza kupanda, mpumbu walikuwa wanakusanyika pale mto unapoingia katika ziwa, kundi kwa kundi, halafu wanaanza safari ya kupanda. Mto huo, tangu ziwa mpaka maporomoko ya Mambilima, hauna kizuizi. Ni zaidi ya kilomita 100 za maji ya kupita, na Kasenga iko karibu na mwisho wake, chini kidogo ya maporomoko. Njiani kote kuna mabonde ambayo maji yanayafunika wakati wa mvua, na vijito vinavyotoka pembeni. Mpumbu walikuwa wanaingia humo, katika majani yaliyofunikwa na maji, na kule wanaacha mayai. Jike mmoja ana mayai makumi ya maelfu. Hajengi shimo kama lamprei, halindi mayai, hageuki nyuma. Anaacha, anashuka. Watoto wanakua katika majani, na maji yanapopungua nao wanashuka zao mpaka ziwa.

Tofauti moja kubwa na lamprei ya kitabu ni hii: mpumbu hafi akiisha kuzaa. Anarudi ziwani na mwaka mwingine anapanda tena. Tunaomba msomaji ashike neno hilo, maana historia yote inayofuata inasimama juu yake: samaki huyu alikuwa na njia mbili katika mwaka, njia ya kwenda na njia ya kurudi.

Mzee mmoja wa kando ya Luapula, aliyekuwa amepita miaka 80 tulipoongea naye, aliiona safari ile akiwa mtoto. Tulimkuta anashona wavu mbele ya nyumba. Tulipotaja jina, alicheka kwanza.

"Ba mwalimu, munauliza mpumbu ya nini? Mpumbu yeye hakukuwa anatafutwa. Yeye mwenyewe njo alikuwa anakuya."

Tulimwomba atueleze.

"Tulikuwa tunalala. Usiku, mvula imeisha kupita, unasikia mu majani, shwaaa, sawa mvula ingine inakuya. Mama anasema: bamefika. Mi nauliza: banani? Anasema: bageni. Asubui tunaenda kutazama. Maji haionekane. Ni migongo tu, na mikia. Pembeni pale maji iko nyeupe sawa mazibwa."

Maji meupe kama maziwa: ndiyo mbegu ya madume, tunafikiri, inayomwagwa juu ya mayai. Mtoto aliona vizuri, hata kama hakuna profesa aliyemwambia.

Tukamuuliza: basi mlikuwa mnawakamata pale pale? Alitutazama kama mtu anayetazama mgeni asiyejua kubisha hodi. Kwao, alisema, kijito kilikuwa na mwenye maji. Kijito kilizibwa kwa uzio wa matete na miti, na katika uzio waliacha milango ya kuweka migono. Lakini mdomo wa mgono ulitazama juu, upande maji yanakotoka. Samaki anayepanda alipita kwenye mlango uliofunguliwa. Anayeshuka, akiisha kuzaa, ndiye aliyeingia mgono. Na uzio wenyewe haukufungwa kabla mwenye maji hajasema.

"Ukimukamata pa kupanda, unakula mama pamoja na batoto bake. Ukimukamata pa kushuka, unakula mama tu. Batoto banabakia mu majani. Mwaka ingine utakula banani?"

Kuna wasomaji watakaosema mzee anapamba mambo ya zamani, jinsi wazee wote wanavyofanya. Inawezekana. Katika vijito vingine pengine mgono ulitazama popote. Pia bazee wetu walijua kumwaga buba majini, na buba haichagui kati ya mama na mtoto. Hatuandiki hapa kwamba mababu walikuwa malaika wa maji. Lakini kwamba maji ya pembeni, yaani vijito na maziwa madogo ya bonde, yalikuwa na wenyewe, hilo ni jambo la historia, na hata Ufalme wa Kazembe ulilitambua.

Habari yenyewe inajulikana ng'ambo zote mbili za Luapula. Kabla ya Balunda kufika kutoka magharibi, wenye mto na ziwa walikuwa Bashila, watu wa uvuvi, na mkubwa wao aliitwa Nkuba. Nkuba aliua mtoto wa dada yake mwenyewe, Nachituti. Mama huyo akaenda kulia mbele ya Mwata Kazembe, akaomba alipiziwe. Watu wa Kazembe wakamwua Nkuba. Basi Nachituti, kwa shukrani, akamletea Mwata vitu viwili: kikapo cha udongo na mtungi wa maji. Udongo ni inchi, maji ni mto na maziwa yake. Tangu siku ile Balunda wakawa watawala wa bonde. Lakini, na hapa njo penye akili ya habari hii, Bashila hawakuondoka majini. Walibaki wenye kujua maji, wenye kusema na ngulu za mto na roho za waliotangulia, wenye kufungua uvuvi katika ziwa hili dogo au lile, na kupokea sehemu ya samaki. Mwata alipokea mtungi. Waliojua kilichomo ndani ya mtungi walibaki wale wale.

David Livingstone alipofika Moero mwezi wa Novemba 1867, wenyeji walimtajia majina ya samaki, naye akayaandika moja moja, 39 kwa jumla. Tunapenda kuwaambia wanafunzi habari hiyo. Mzungu alikuja kutafuta mito, na watu wakampa orodha ya samaki, kwa maana kwao inchi ilihesabiwa hivyo.

Miaka 27 baadaye mto ulikatwa katikati. Kwa mapatano ya tarehe 12 Mei 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Léopold, Luapula ikawa mpaka: ng'ambo ya magharibi kwa Wabelgiji, ng'ambo ya mashariki kwa Waingereza. Samaki hakuambiwa. Alipanda katikati ya mto kama zamani, usiku huu anazalia Kongo, usiku ule Rodezia. Lakini kuanzia pale hakuna mtu mmoja aliyeweza kusema neno moja juu ya mto mzima, wala Mwata, wala Nkuba, wala Leta yenyewe.

Kisha ukaja ugonjwa wa usingizi. Karibu na mwaka 1910 Waingereza waliwaondoa watu kandokando ya mto upande wao kwa kuogopa mbung'o, na wengi hawakuruhusiwa kurudi mpaka mwanzo wa miaka ya 1920. Wengine walivuka kuja kwetu, na ndiyo sababu moja familia nyingi za Kasenga zina ndugu ng'ambo. Kwa watu ilikuwa taabu kubwa. Kwa samaki, tunadhani, ilikuwa miaka ya kupumzika.

Mapumziko hayo hayakudumu. Umoja wa Madini, yaani Union Minière, ulianzishwa 1906, na mji wa Elisabethville 1910. Wafanyakazi kwa maelfu walitoka mbali, na kila mmoja alipaswa kula. Nyama ilikuwa ghali, ng'ombe hawakukaa vema katika inchi ya mbung'o. Samaki wa Luapula alikuwa kilomita 200 na kidogo tu. Wagiriki njo walioliona jambo hilo mbele ya wengine. Walikaa Kasenga, wakajenga nyumba na maduka, wakaleta mitambo ya kutengeneza barafu, mashua za kushuka mpaka Moero kukusanya samaki, na makamio ya kupakia usiku ili samaki afike mjini bado mbichi. Kijiji cha wavuvi kikawa mji. Hata leo bazee wakitaka kusema mtu ana mali, wanasema yuko sawa Mugiriki wa Kasenga.

Haifai tudanganye kwamba Wagiriki ndio waliovua samaki wote. Wengi wa wavuvi walikuwa baba zetu, wa ng'ambo zote mbili, na walivua kwa furaha. Yule mzee wetu aliposimulia juu ya mgono na mdomo wake, tulimuuliza baba yake alivua namna gani. Alinyamaza kidogo.

"Tata alinunua nyavu kwa Bagiriki. Alikuwa analipa na samaki. Mwaka ule mpumbu ilipanda mingi, alinunua kinga. Kinga ya kwanza mu kijiji. Mi nilikuwa napanda nyuma."

Kinga ni baiskeli, kwa wasomaji vijana. Mwingine alinunua mashine ya kushona, mwingine alijenga nyumba ya matofali, mwingine alipeleka mtoto kwa wamisionari kusoma. Pengine baadhi yetu tunaoandika katika vitabu kama hiki tulisomeshwa na mayai ya mpumbu, bila kujua.

Lakini tazama kilichobadilika. Wavu wa kutega katikati ya mto hauna mdomo. Hautazami juu wala chini. Unasimama kama ukuta, na ukitegwa wakati kundi linapanda, unakamata wanaopanda, wenye matumbo yaliyojaa. Na wakati ule ule ndio mfanyabiashara anawataka, kwa maana wako wengi, wako pamoja, wanene, na kamio linangoja. Mpumbu anayeshuka ni mwembamba, ametawanyika. Hakuna anayemlipia barafu. Soko liligeuza mdomo wa mgono, kama tunaweza kusema hivyo.

Mwenye maji je? Alikuwapo bado. Lakini neno lake lilikuwa juu ya kijito na ziwa dogo la bonde. Katikati ya mto mkubwa hakujawahi kuwa na uzio, kwa sababu hakuna matete yanayofika pale. Mila haikuvunjwa kwa nguvu, kama wengine wanavyopenda kuandika, ilipitwa pembeni. Watu waliendelea kumpelekea mwenye maji samaki wake wa kwanza huku nyavu zikimaliza kundi mbele ya mlango wa kijito chake.

Vita ya 1940 mpaka 1945 ilizidisha mambo. Shaba ilitakiwa, wafanyakazi waliongezeka, vyakula vilitakiwa. Maofisa wa pande mbili waliona hatari, walibishana juu ya nyavu na majira ya kufunga, lakini sheria ya ng'ambo moja haikuwa sheria ya ng'ambo nyingine. Mvuvi aliyekatazwa huku aliona mwenzake anatega kule, mita 200 mbele yake, samaki yule yule. Mwisho wa miaka ya 1940, kuelekea 1950, uvuvi wa mpumbu ulianguka. Kundi likaja dogo, mwaka mwingine dogo zaidi, halafu watu wakangoja bila kusikia kitu.

Hapa tunapenda kusahihisha jambo moja linalosemwa sana. Ukiuliza Kasenga nani alimaliza mpumbu, wengi watakujibu: nailoni. Hapana. Nyavu za nailoni zilienea katika Luapula katika miaka ya 1950, wakati mpumbu alikuwa amekwisha kuanguka. Nyavu zilizomaliza mpumbu zilikuwa za nyuzi za pamba na kitani, zile zinazooza, ambazo mvuvi alizianika kila asubuhi na kuzishona kila jioni. Tunasema hivi si kwa kuitetea nailoni, ambayo ina makosa yake mengi, lakini kwa sababu kusingizia uzi ni njia ya kutouliza wavu ulitegwa wapi, na mwezi gani.

Baada ya mpumbu ilikuja zamu ya pale, ambaye kwa Kifaransa tunamwita tilapia. Huyu ni mtu mwingine kabisa. Dume anachimba shimo chini, jike anazaa hapo na kubeba mayai katika kinywa chake mpaka watoto watoke. Hana safari, hana usiku mmoja wa kungojwa na makamio. Kwa sababu hiyo alivumilia. Kwa sababu hiyo pia, Wabelgiji walipotaka kufuga samaki katika mabwawa ya Kipopo, karibu na Elisabethville, walichukua tilapia; maji yaliyosimama yanamtosha. Mpumbu huwezi kumfuga hivyo, anahitaji mto ujae. Leo pale naye anapungua, nyavu zina macho madogo, kutumpula kumerudi, yaani kupiga maji kwa fimbo ili samaki wakimbilie wavuni, na chakula cha wengi ni kisense, tule tusamaki tudogo tunaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Upande wa Zambia uvuvi unafungwa kila mwaka tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari. Upande wetu vile vile matangazo ya kufunga husomwa. Kusoma ni jambo moja.

Mpumbu hakupotea kabisa. Mara moja moja anaonekana sokoni, mmoja au wawili katikati ya wengine, na mama muuzaji hajui kumtenga. Kinachokosekana ni safari: lile kundi, zile sauti katika majani, yale maji meupe.

Tulitaka wanafunzi waone angalau kitu kinachofanana. Mwezi wa Januari, kwa ruhusa ya wazazi, tulienda na sita kati yao mpaka kijito kimoja kinachoingia Luapula, na tukalala katika kijiji cha karibu. Kijito chenyewe wakati wa kiangazi unakiruka bila kulowa miguu. Usiku ule mvua kubwa ilinyesha mpaka saa nne, na maji yakatoka katika njia yake, yakafunika majani ya pande zote mbili kufika magoti. Tuliondoka saa saba ya usiku, tochi mbili tu, na tuliwaambia vijana wasiongee.

Hakukuwa na mpumbu. Tulijua hatutaona mpumbu. Lakini kambale walikuwa wanapanda. Mwanzoni ulisikia tu majani yakitikisika bila upepo, halafu ukaona mgongo mweusi unapita mahali ambapo maji hayafunikii hata samaki mwenyewe. Walikuja wawili wawili. Dume anamzunguka jike kichwani, anajikunja kama pete, wanakaa hivyo kitambo kifupi bila kutikisika; kisha jike anapiga mkia kwa nguvu, mayai yanatawanyika na kushika katika majani. Wanaachana, wanapumzika, wanaanza tena hatua tatu mbele. Tulitazama zaidi ya saa moja, na mbu walikula sana. Msichana wa Kashobwe, yule wa bibi, alikata jani moja akalileta karibu na tochi: mayai madogo ya rangi ya kahawia na kijani, yameganda pande zote mbili kama mbegu za ulezi. Tuliwaeleza kwamba siku mbili hazitapita kabla hayajaanguliwa.

Kulipokucha tulishuka kufuata kijito mpaka mdomo wake. Uzio ulikuwapo, umejengwa vizuri kabisa, matete mapya, kamba za maganda zimefungwa kwa ufundi ambao sisi hatuuwezi. Migono saba. Yote saba midomo imetazama chini, upande wa mto mkubwa, upande samaki wanakotoka kuja. Mwenye migono alikuwa kijana wa miaka 30 hivi. Alikuwa anatoa samaki na kuwaweka katika beseni, na alitusalimia kwa heshima nyingi, akitwaa kofia yake.

Tulimuuliza kama anamjua mwenye maji wa kijito hiki. Alisema ni babu yake mdogo, ameisha kufa. Tukamuuliza kwa nini migono inatazama huku. Alifikiri kwanza kwamba ni fumbo la shule.

"Profesa, kama mi nageuza, banaokuya usiku banapita bure, na kule juu mwengine ataweka wavu. Njo batanicheka mu kijiji."

Hatukupata jibu la kumpa. Kijana mmoja katika wanafunzi alitaka kusema jambo, tukamwangalia, akanyamaza. Saa za mchana tuliwaandikisha yale waliyoyaona, kila mmoja katika daftari lake, kwa Kifaransa kwanza kama inavyotakiwa, halafu kwa Kiswahili.

Jioni wenyeji wetu walitukaribisha kula kabla ya safari. Walileta maji ya kunawa, bukari mbili kubwa, na kambale wa mchuzi katika sahani ya bati. Mama mwenye nyumba alikuwa amechagua mnene kuliko wote kwa ajili ya wageni, na alipomkata tumbo lilikuwa limejaa mayai, nayo aliyapika pembeni na kutuletea sisi walimu kwa heshima. Tulimshukuru, tukala.